Vidonge vya Siku ya Pon

Mbok Ponirah alikamua kitambaa cha manjano kwa mikono yake miwili. Alikisokota hasa, mpaka tone la mwisho likaingia kwenye ndoo. Mumewe, Pak Tukiran, alikuwa anapita na ubao wa vigae vibichi begani. Alisimama ghafla, vigae vitatu vikamponyoka vikaanguka puu.

"Umekamua mwenyewe?"

"Kwani unamwona nani mwingine hapa?"

"Hebu rudia."

"Nirudie, mimi kikaragosi chako?" Lakini akarudia. Akakichovya kitambaa, akakisokota tena, na maji ya manjano yakamtiririka hadi viwikoni. Wote wawili wakacheka kama watoto walioiba sukari.

Furaha ya namna hiyo haijui mtu ambaye hajawahi kumfunga mkewe vifungo vya blauzi kila asubuhi kwa mwaka mzima. Baridi yabisi ilimshika Mbok Ponirah kwenye vidole, ikapanda vifundoni, ikakaa. Akiamka, vidole vimekunjana na vimevimba kama tangawizi mbichi. Na yeye kazi yake ni jamu, dawa ya mizizi ya kunywa! Kila siku anatwanga mizizi, anakamua, anajaza chupa nane, anazifunga kwenye kapu mgongoni na kuzunguka kijijini kuwanywesha watu. Mwanamke wa jamu asiye na mikono, sasa huyo ni nani?

Na sasa mikono imerudi, bwana! Tena imerudi wakati wake. Zilibaki siku kumi binti yao Wening aolewe, Jumamosi Legi, yaani Jumamosi iliyokutana na Legi, moja ya siku zetu tano za soko. Mnajua mama wa bibi harusi ana kazi gani: anakaa mbele ya wageni na mtungi wa dawet, anachota tui la nazi na sukari na zile chenga za kijani kwa upawa, bakuli baada ya bakuli, huku mumewe amemshikia mwavuli. Wageni wananunua kwa vipande vya udongo. Mama hawakilishwi na mtu. Mwaka mzima Mbok Ponirah alikuwa analiota hilo tu: kwamba upawa utamponyoka mbele ya wakwe.

"Nitachota mia tano," alisema, akifungua na kufumba vidole. "Nikimaliza nakuchotea na wewe."

"Mimi nitalipa," alisema Pak Tukiran. Alikuwa ameshachoma vipande mia sita tanurini, duara duara, kila kimoja amekigonga muhuri wa ua. Mtu wa vigae tangu utotoni, alivifanya vile kwa upole kama anatengeneza vipuli vya masikio.

Kilichorudisha mikono hakikuwa jamu. Hapo ndipo palipokuwa na siri, na siri hiyo waliijua watu wawili tu. Kwenye mkebe wa biskuti, chini ya nyuzi na vifungo, kulikuwa na vidonge vidogo vya njano kutoka kliniki ya mjini, mbali huko ambako hakuna anayemjua. Muuza jamu anayemeza vidonge vya hospitali ni kama fundi cherehani anayevaa nguo za dukani. Wangemcheka mpaka jamu ioze chupani. Kwa hiyo alimwapisha mumewe: usimwambie mtu, hata Wening. Pak Tukiran akaapa. Yeye ni mtu wa kuapa haraka.

Mantri, yaani muuguzi wa kule kliniki, kijana mmoja Mbatak wa Sumatra anayeitwa Tigor, mwenye sauti ya kuita ng'ombe, alikuwa amemweleza kwa bidii zote.

"Bu, mama yangu, hii dawa inaituliza kinga ya mwili wako. Kinga yako imechanganyikiwa, inapiga viungo vyako yenyewe. Tunaituliza. Lakini ukiituliza kupita kiasi, hata kikohozi cha jirani kitakuangusha. Umenielewa? Si dawa ya kila siku! Nakuomba, si ya kila siku! Chagua siku moja unayoikumbuka vizuri. Ikirudi, unameza vinne. Halafu huvigusi mpaka irudi tena. Umechagua siku gani?"

"Nimechagua," alisema Mbok Ponirah.

"Vizuri. Usiibadilishe."

Nyuma yake foleni ilifika mlangoni. Tigor akampa pakiti ya miezi mitatu kwa sababu anatoka mbali, akamwandikia karatasi ya maonyo, akamwambia arudi baada ya mwezi kupimwa damu. Mwezi ukafika. Mbok Ponirah akasema harusi kwanza, damu itanisubiri, haiendi popote.

*

Ijumaa ilikuwa Pon, siku ya soko letu. Soko likiwa Pon linajaa mpaka barabarani, maana ni mara moja kila siku tano. Mbok Ponirah alimeza vidonge vinne alfajiri, kama kawaida yake kabla ya kwenda sokoni. Vilikuwa vya mwisho. Akautikisa mkebe, ukalia vifungo tu.

"Jumatatu nitakwenda kuongeza," alimnong'oneza mumewe. "Nataka niwe navyo kabla ya harusi. Ikibidi nitameza na cha ziada. Siku ile vidole vyangu viwe kama vya msichana."

"Usizidishe."

"Nani kasema nitazidisha? Nimesema ikibidi."

Sokoni akaweka kapu lake pale pale anapoweka siku zote, pembeni mwa Bu Rukmi, anayekaanga tempe, vile vipande vya soya. Bu Rukmi ana mdomo, lakini tempe yake ndiyo tempe. Akamkabidhi kipande cha moto chenye pilipili kama kila soko.

"Nimeshiba," alisema Mbok Ponirah.

"Umeshiba! Tangu lini wewe ukashiba kabla ya saa nne?"

"Nina joto la ndani. Mdomo una vidonda kidogo."

"Joto la ndani?" Bu Rukmi akageukia wateja, mwiko mkononi. "Jamani sikieni! Mbok Pon ana joto la ndani! Si chupa ya tatu hiyo, ya ukwaju, kwenye kapu lako? Si wewe uliyeniuzia juzi ukasema vidonda vitakauka kabla sijafika nyumbani? Au ile ni ya sisi wajinga tu?"

Watu wakacheka. Mbok Ponirah naye akacheka, akaifungua chupa ya tatu, akamimina gilasi nzima na kuinywa mbele yao. Ukwaju uliwasha vile vidonda kama makaa. Akameza yote, akageuza gilasi chini juu waone.

"Umeridhika?"

"Nimeridhika," alisema Bu Rukmi. "Lakini mbona machozi yanakutoka?"

"Moshi wa tempe yako."

Akarudi nyumbani miguu mizito. Akasema ni uchovu wa harusi.

*

Jumapili nyumba ilikuwa imefurika. Wanawake kumi na wawili uani wanamenya vitunguu, wengine wanakoroga wali wa kunata na sukari kwenye sufuria kubwa kama beseni la kuogea mtoto, na vicheko vimepanda mpaka juu ya paa. Wening alikuwa amerudi kutoka Yogya, kwenye duka la simu anakofanya kazi, na kila shangazi alimshika shavu akamwuliza kama ameshajifunza kupika. Bwana harusi, Danang, ametuma jogoo wawili. Mmoja alikuwa amekata kamba na anakimbizwa.

Katikati ya shangwe hiyo Mbok Ponirah alikuwa amelala kwenye mkeka chumbani, anatetemeka.

"Upepo umemwingia," alisema Bu Rukmi. Akakunja mikono ya blauzi. "Leteni sarafu na mafuta. Nitamkwangua mgongo, dakika kumi anaamka."

"Si mnipe tu chai," alisema Mbok Ponirah.

"Nyamaza wewe. Umetunywesha sisi miaka thelathini, leo zamu yako."

Akampaka mafuta ya nazi, akaanza kumkwangua kwa ukingo wa sarafu, kutoka uti wa mgongo kwenda mbavuni, kama tunavyokwanguana sote. Mistari myekundu ni kawaida. Ukiwa mwekundu sana watu wanasema ee, upepo ulikuwa mwingi. Lakini ule haukuwa wekundu. Mkwaruzo wa kwanza ukawa zambarau, wa pili ukawa mweusi, wa tatu ukatoka damu, na Bu Rukmi hakuwa hata ametia nguvu. Akasimama na sarafu hewani.

"Huu si upepo," alisema, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo. "Baba Wening! Njoo uone. Nimekwangua migongo ya kijiji kizima mimi, sijawahi kuona huu."

Pak Tukiran akaja na udongo mikononi. Akautazama mgongo wa mkewe. Akamtazama mkewe. Mbok Ponirah akageuza kichwa kwenye mto na kumwambia kwa macho tu: uliapa.

Mlangoni wanawake walikuwa wamejaa. Mmoja alisema apewe jamu yake mwenyewe, mwingine akasema jamu gani, si ndiyo hiyo imemshinda, na mmoja akacheka kidogo kisha akajutia.

Pak Tukiran akatoka nje. Wakadhani amekimbia. Akarudi na mkebe wa biskuti, akaumwaga wote kwenye mkeka, nyuzi zikabingirika mpaka mlangoni.

"Anameza dawa ya hospitali," alisema.

Wanawake wakasukumana mlangoni. Kila mmoja alitaka kusikia tena.

"Mwongo!" alisema Mbok Ponirah kutoka mkekani, lakini sauti haikufika popote.

"Miezi sasa. Mikono yake imepona kwa hiyo. Aliniapisha nisiseme, na mimi nimesema, basi, anichukie akiwa hai." Akaiokota karatasi iliyokunjwa chini ya vifungo, akampa binti yake. "Soma, mwanangu. Mimi sina miwani."

Kusema kweli hata na miwani angesoma kwa shida, lakini si hoja.

Wening akasoma kwa sauti. "'Ukipata homa, vidonda mdomoni, au michubuko na damu bila sababu, acha dawa hii. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Usingoje.'" Akainua macho. "Mama, una vidonda mdomoni?"

"Kidogo."

"Kidogo wapi!" alipiga kelele Bu Rukmi. "Ijumaa amekataa tempe yangu! Jamani, amekataa tempe yangu, na mimi nikamnywesha ukwaju mbele za watu! Mnangoja nini? Gari!"

Gari lilikuwepo moja tu, pikapu ya Jarot, mbeba vigae wetu, imesimama kando ya tanuri, imejaa vigae vya kupeleka mjini. Vigae mia nne, vimepangwa na kufungwa. Jarot akakuna kichwa, akasema kuvishusha ni saa nzima, mzigo huu ukienda nao gari litatambaa.

"Saa nzima kwa wanaume," alisema Bu Rukmi.

Ningekuwa na namna ya kuwaonesha siku ile! Wanawake kumi na wawili wenye macho mekundu ya vitunguu walijipanga mstari kutoka kwenye pikapu mpaka ukutani, na vigae vikaanza kuruka mkono kwa mkono, paa, paa, paa, na anayesimamia ni Bu Rukmi, juu ya gari, kanga kaifunga kiunoni. "Usivipange, mama! Rusha! Kikivunjika atalipa Mungu!" Vilivunjika thelathini hivi. Kabla wali wa kunata haujashika chini ya sufuria, gari likawa tupu. Wakatandika magodoro mawili, wakamlaza Mbok Ponirah kichwa mapajani mwa Wening, na Jarot akakanyaga mafuta huku vumbi la udongo mwekundu likipaa nyuma yake mpaka barabara kuu. Pak Tukiran alipanda nyuma bila ndala.

*

Daktari alikuwa mwanamke mdogo wa umri, mtu wa Solo, anaitwa Hapsari. Alipima damu kwanza, akaweka dripu, akamhamishia Mbok Ponirah chumba cha peke yake na kuwavisha wote barakoa. Kisha akaja na majibu, na uso wake haukuwa wa mchezo.

"Chembe nyeupe za damu zimeshuka sana. Zile ndizo askari wake. Zinazogandisha damu nazo zimeshuka. Amebaki bila mlango wala ukuta, kila mdudu anaingia. Niambieni ukweli. Alikuwa anameza kila siku?"

"Hapana!" walisema Mbok Ponirah na Pak Tukiran kwa pamoja.

"Bu, sikukasirikii. Wengi wanakosea hivyo."

"Mimi sikukosea," alisema Mbok Ponirah, midomo imepasuka. "Nilichagua siku moja. Sijawahi kuibadilisha. Hata siku moja sijawahi."

"Mara moja kwa wiki?"

"Siku yangu ikirudi."

Daktari akachukua pakiti tupu waliyokuja nayo, akasoma tarehe ya kutolewa. Akahesabu kwa kalamu. "Hii ni dawa ya wiki kumi na mbili. Vidonge arobaini na nane. Mmeianza haina hata siku sitini, na imekwisha." Akamwangalia Pak Tukiran. "Amempa mtu?"

"Angempa nani, na ilikuwa siri?"

"Basi zimekwenda wapi?"

Wening alikuwa ameshika mguu wa mama yake kupitia shuka. Daktari akaandika kitu, akakikata, akaandika tena. Kisha akaweka kalamu chini.

"Bu Ponirah," alisema taratibu, na sasa alikuwa anaongea Kijava cha heshima, kile cha kumwongelesha mama mkwe. "Ulizaliwa siku gani?"

"Jina langu si linasema? Pon."

"Na dawa unameza…"

"Pon. Si siku yangu hiyo? Nitaisahauje? Naimeza nikienda sokoni."

"Lo!" alisema Pak Tukiran, akajipiga paji la uso kwa kiganja chenye udongo. "Lo! Kila siku tano! Kila soko! Nami namwona anameza, na sokoni naenda naye!"

"Wiki ni siku saba, Mama!" alisema Wening. "Saba!"

"Sasa nani alisema?" Mbok Ponirah akajaribu kuinuka, dripu ikamvuta. "Yule kijana alisema chagua siku, ikirudi meza. Pon ikirudi, nikameza. Mimi nimekaa sokoni miaka thelathini, Wening. Ulipozaliwa nilihesabu masoko. Meno yako nilihesabu masoko. Hiyo saba ni ya maofisini." Kisha nguvu zikamwisha, akalala tena, akaanza kulia, si kwa sauti. "Nilikuwa nafuata. Haki ya Mungu, nilikuwa nafuata."

"Ulifuata," alisema daktari. "Na hii nitaiandika kwa herufi kubwa, maana ulifuata vizuri kuliko wagonjwa wangu wengi. Lakini mwili wako haujui soko. Dawa ya siku saba ikija kila tano, ya leo inaikuta ya juzi bado iko ndani. Na damu hukuja kupima. Ungekuja, tungeona mapema."

"Nitapona?"

"Tumekupa dawa ya kuikata makali, na ya homa. Kwa kuwa mmekuja leo, natumaini. Mngekuja kesho kutwa, nisingelisema hilo neno."

Bu Rukmi, aliyekuja kwa pikipiki na barakoa imemfika machoni, akamshukuru Mungu kwa sauti ya sokoni.

"Na harusi?" aliuliza Mbok Ponirah. "Jumamosi. Nina dawet ya kuuza."

Daktari akatikisa kichwa. "Watu mia tano, Bu, kila mmoja na mafua yake? Jumamosi hii hutoki humu."

*

Hapo sasa ndipo kasheshe lilipoanza. Mbok Ponirah alisema fungeni ndoa bila mimi, shangazi atachota. Wening akasema hapana. Pak Tukiran akasema siku haihamishwi, imehesabiwa na Mbah Gito, na Mbah Gito alichukua wiki tatu kuitafuta, siku ya Wening na siku ya Danang zikakubaliana, akala kuku wetu wawili.

Wening akaenda mwenyewe kwa Mbah Gito. Mzee yule ni mkali, ana vitabu vya hesabu za siku ambavyo hamruhusu mtu kuvigusa, na meno matatu.

"Jumamosi Legi!" alifoka. "Ukiihama hiyo, riziki itaruka dirishani, mtagombana, mtazaa watoto wabishi."

"Kama mimi?"

"Kama wewe!"

"Mbah, mimi sitaki siku nyingine. Nataka hiyohiyo. Jumamosi Legi. Inarudi lini?"

Mbah Gito akahesabu kwa vidole, saba na tano, saba na tano, ingawa kila mtoto wa hapa anajua jibu. "Baada ya siku thelathini na tano," alisema kwa shingo upande.

"Mwezi ni mzuri?"

"Ruwah. Mzuri. Lakini ndiyo ya mwisho, baada yake ni mwezi wa kufunga, hakuna harusi."

"Basi?"

"Basi nini? Nilikuwa naelekea kusema hivyo hivyo, wewe umenikatiza."

Kadi mia tano zilikuwa zimeshagawiwa. Danang na mama yake walizunguka na kalamu, mlango kwa mlango, wakifuta tarehe na kuandika nyingine. Walisikia mengi. Eti bibi harusi ana mimba. Eti bwana harusi ana mke Semarang. Mama yake Danang, mtu wa watu, mwalimu wa shule, hajazoea kusimama uani kwa watu na kutolewa macho. Lakini kila nyumba alijibu neno lilelile: "Mama wa bibi harusi anaumwa, na sisi tunamngoja." Aliporudi nyumbani soli ya kiatu ilikuwa imefunguka.

Mantri Tigor naye alikuja hospitali, amebeba machungwa, na ile sauti ya ng'ombe ameiacha nyumbani.

"Bu, kwetu siku ni saba tu."

"Kwetu ni saba na tano. Ungeuliza."

"Nilikosa. Nitawatafuta wote niliowapa dawa hii."

"Ulikosa. Na mimi ulipouliza siku gani nikakujibu 'nimechagua,' kama mwali. Ningelitaja ungeshtuka." Akamnyooshea chungwa. "Menya basi. Vidole vyangu vimeanza tena."

Vilikuwa vimeanza kweli. Dawa ilisimamishwa, na baridi yabisi haikungoja kuambiwa mara mbili. Chembe zake ziliporudi, daktari akamwanzishia tena kwa kipimo kidogo, Jumatatu tu, Jumatatu ya shuleni na maofisini na ya kila mtu, na kidonge cha vitamini siku nyingine, na damu kupimwa hata kama mbingu inaanguka. Wening alibandika ukutani kalenda ya siku saba, akazungushia kila Jumatatu rangi nyekundu. Mikono ikawa inafunguka polepole, nusu kidole leo, nusu kesho.

*

Jumamosi Legi ilirudi na jua la kupendeza! Turubai jipya, ngoma za shaba zinalia tangu asubuhi, maua ya yasmini yanamning'inia Wening mpaka kifuani, na Danang amevaa kilemba kinachompwaya ametabasamu kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Mbok Ponirah akakaa nyuma ya mtungi wa dawet, nywele zimefungwa kwa maua, barakoa shingoni kwa ajili ya kupiga picha. Mpini wa upawa Pak Tukiran alikuwa ameuzungushia kitambaa uwe mnene, maana vidole havikuwa bado vinafumba sawasawa. Yeye mwenyewe amesimama nyuma na mwavuli, koti limembana, jasho linamtoka, hakubali kupokewa.

Bakuli la kwanza lilimwagika nusu. La pili likajaa. La tatu likajaa mpaka ukingoni, na Bu Rukmi akapiga kigelegele ambacho ng'ombe wa kijiji cha pili walikisikia. Foleni ikaanza kusogea. Kipande cha udongo, bakuli. Kipande, bakuli. "Karibu dawet! Tamu! Usipunje!" Mbok Ponirah alikuwa amerudi sokoni.

Kwenye sitini hivi alifika mzee mmoja mwembamba kutoka ng'ambo ya mto, mjomba wa mbali wa upande wa bwana harusi. Alinyoosha kipande chake cha udongo. Mbok Ponirah alivitazama vidole vilivyokishika, vimepinda kuelekea upande mmoja, vifundo kama shanga.

"Mikono yako, Pak."

"Sasa ina nafuu," alisema mzee kwa furaha. "Napata vidonge vya njano kule kliniki. Miezi miwili. Nimeanza hata kulima."

"Unaitwa nani?"

"Wagiman."

Upawa ukasimama hewani. Mbok Ponirah hakuuliza alizaliwa siku gani, jina lilishasema Wage, siku ya soko inayofuata Pon. Aliuliza, "Unavimeza lini?"

"Siku yangu. Wage. Juzi nimemeza, Jumanne nitameza tena."

"Fungua mdomo."

"Nini?"

"Fungua mdomo, nimesema!"

Na pale mbele ya wakwe, mbele ya mwalimu na Mbah Gito na mpiga picha, mama wa bibi harusi akainuka na nguo zake zote za dhahabu, akamshika mzee kidevu na kuchungulia.

"Mdomo unauma?"

"Kidogo. Joto la ndani tu, pilipili…"

"Mas Tigor!" Ngoma zilisimama zenyewe. "Mas Tigor yuko wapi? Acha kula, njoo! Ulisema umewapata wote!"

Tigor akaja mbio, mguu wa kuku mkononi. "Wote isipokuwa huyu! Namba yake inapokelewa na mjukuu aliye mbali huko Kalimantan! Pak Wagiman, nimekutafuta wiki tatu!"

Foleni ilikuwa imevunjika, watu wamejaa kuzunguka mtungi, wanaulizana kulikoni. Mbok Ponirah akapanda juu ya kigoda chake.

"Sikilizeni nyote! Mimi ni Ponirah, muuza jamu, mmeninywa miaka thelathini! Mikono hii haikuponywa na jamu, imeponywa na vidonge vya hospitali, cheka anayetaka kucheka! Lakini vidonge hivyo ni kila siku saba! Si Pon, si Wage, si Kliwon! Saba! Mimi nilimeza kwa soko, nikabakiza kidogo niwaachie harusi na matanga pamoja! Kuna mwingine hapa anayemeza vya njano? Ainue mkono, asione haya, mimi nimeshaona haya kwa niaba yenu wote!"

Karibu na sufuria mwanamke mmoja akainua mkono wake uliopinda, taratibu, mpaka kwenye kiwiko tu. Tigor akamwendea.

Jarot alikuwa ameshawasha gari. Mzee Wagiman akaingizwa mbele, bado haelewi, kipande chake cha udongo kimo mkononi.

"Na dawet yangu?" aliuliza dirishani. "Nimeshalipa."

Mbok Ponirah akachota. Safari hii hakumwaga hata tone. Akampelekea mwenyewe mpaka garini, na Pak Tukiran nyuma yake na mwavuli, akiwafunika wote watatu.

"Kunywa," alisema. "Ni tui na sukari tu, haina ukwaju. Na Jumanne usiguse kitu mpaka wakupime damu."